Mgeni Aliyefika Juja

Msomaji wangu, masomo ni kama nyumba. Ipo nyumba ambayo mlango wake u wazi, na mtu huingia mara akibisha hodi. Ipo na nyingine ambayo mtu huizunguka miaka mingi, akitazama kuta zake, mpaka akadhani kuwa haina mlango. Somo la kupanuka kwa utawala wa Marekani ng'ambo ya bahari lilikuwa kwangu nyumba ya namna hii ya pili. Nililisoma nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, nikalirudia katika chuo cha ualimu, kisha nikalifundisha mimi mwenyewe, na muda huo wote sikupata kuingia ndani yake. Mlango niliuona baadaye, tena mahali nisipopatazamia kabisa: ulikuwa nyumbani kwetu Kalimoni, kati ya Ruiru na Thika.

Katika mwaka wa tatu wa kazi yangu nilisimama mbele ya darasa, nikaandika ubaoni sababu za Marekani kutafuta makoloni katika mwisho wa karne ya 19. Niliziandika kwa nambari na kwa mwandiko mzuri, na wanafunzi wakazinakili. Msichana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye kwa desturi alikuwa mkimya, akainua mkono. "Mwalimu," alisema, "watu wa Kuba na wa Ufilipino wako mbali sana. Mambo haya yanatuhusu nini sisi wa hapa?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, lakini nilifanya jambo baya kuliko kucheka. Nilimjibu kwamba yanatuhusu kwa sababu huulizwa katika mtihani. Akaketi, akainamisha kichwa, akaendelea kunakili. Kengele ilipolia nilikusanya vitabu vyangu nikatoka, na aibu ikanifuata mpaka chumba cha waalimu.

Aibu ni mwalimu mkali, lakini si mwalimu mbaya. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kalimoni kumwamkia nyanya yangu. Tulipokuwa tukipukuchua mahindi uani nikamsimulia yaliyonipata. Nyanya hakupata shule zaidi ya kujua kuandika jina lake, lakini alikuwa msikilizaji mwema kuliko watu wengi wenye vyeti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Hiyo Marekani unayoitafuta mbali, mama yangu aliivaa."

Nikadhani anafanya mzaha. Akanieleza kwamba zamani watu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge na kahawa walinunua madukani kitambaa kizito kilichoitwa merikani, na mama yake alijifunga hicho mpaka kikachakaa. Kisha akanyosha mkono kuelekea upande wa Juja Farm, akaendelea: "Na yule mzungu mwenye shamba lile, baba yangu aliniambia kuwa hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mmarekani. Na Mmarekani mkubwa wa nchi yao alikuja kumtembelea, akawinda viboko katika mto."

Basi nilipewa na mwanamke mzee mambo mawili, nguo na mgeni, ambayo vitabu vyangu vya chuoni havikunipa. Nimeyafuata yote mawili kwa miaka kadhaa, na leo nataka kukueleza yalikonifikisha.

Nguo ilitangulia mgeni kwa miaka mingi. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Wamarekani walipewa ruhusa ya kuingia katika bandari zake, kuuza na kununua kwa hiari yao, na kulipa ushuru wa 5 kwa 100 juu ya bidhaa walizoshusha. Magomvi yao wenyewe kwa wenyewe yangeamuliwa na balozi wao. Balozi huyo, Richard Waters, mtu wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja mwaka 1837. Uingereza, ambayo sisi tumezoea kuihesabu kuwa ya kwanza katika kila jambo la pwani hii, ilimleta balozi wake Unguja mwaka 1841. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1840, Sayyid Said aliipeleka meli yake, Al-Sultana, mpaka New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, ikiwa imechukua tende, kahawa, karafuu, ngozi na pembe. Ilipotaka kurudi, Wamarekani waliitengeneza bila ya malipo.

Ukiyatazama hayo juu juu utasema kuwa ni habari za urafiki, na kwa kweli urafiki ulikuwamo. Walakini fuata uzi wa ile nguo, msomaji, uone ulikotoka na ulikokwenda. Merikani ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts. Pamba iliyoifuma ilitoka majimbo ya kusini ya Marekani, ambako ililimwa na kuchumwa na watumwa, na watumwa hao walikuwa watu waliotolewa Afrika, au watoto na wajukuu wao. Kitambaa kikapakiwa melini, kikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kikashushwa Unguja. Hapo kiligawanywa kwa jora, kwa doti na kwa shuka, kikabebwa na misafara kwenda bara, na huko bara kilitumika kama fedha, kwa kununulia chakula, kulipia hongo za njia na kubadilishana na pembe. Wapagazi waliozirudisha pembe pwani, baadhi yao walikuwa watu huru waliolipwa ujira, na wengine walikuwa watumwa. Pembe nyingi zikapelekwa Marekani, na katika jimbo la Connecticut, katika miji midogo ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vibao vyembamba vya kufunikia vitufe vya piano. Basi jasho la Mwafrika mmoja ng'ambo ya bahari lilifumwa likawa nguo ya kununulia jasho la Mwafrika mwingine huku kwetu, na mwisho wake ulikuwa muziki katika sebule ya mtu ambaye hakumjua hata mmoja wao.

Haifai kudhani kuwa jambo hilo lilikuwa la pwani tu. Wakamba walikuwa wakipeleka pembe Mombasa katika miaka hiyohiyo, na mlima wa Kilimambogo, ambao sisi wa Kalimoni huuona upande wa mawio ya jua, umo katika nchi wanayoifahamu vema. Biashara ya merikani ilipungua Marekani ilipoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1861 mpaka 1865, kwa kuwa pamba ilikosekana na nguo za viwanda vingine zikachukua nafasi yake. Lakini jina lilibaki. Kitambaa kilipofumwa penginepo kiliendelea kuitwa merikani, na ndiyo maana mama wa nyanya yangu alikivaa bila ya kujua kuwa alikuwa amejifunga jina la nchi.

Katika hatua hiyo ya kwanza Marekani haikutafuta ardhi ng'ambo. Ilikuwa na kazi kubwa ya kuchukua ardhi kwake. Majimbo 13 yaliyojitangaza huru mwaka 1776 yalipanuka kuelekea magharibi kwa fedha na kwa silaha. Mwaka 1803 walinunua kwa Ufaransa nchi ya Louisiana. Baina ya 1846 na 1848 walipigana na Meksiko wakatwaa eneo kubwa la kaskazini yake. Mwaka 1867 walinunua Alaska kwa Urusi kwa dola milioni 7.2. Wenyeji wa asili walisukumwa hatua kwa hatua, wakavunjiwa mikataba, wakafungiwa katika hifadhi. Hesabu ya watu ya mwaka 1890 ilipotoka, wakubwa wa hesabu hiyo walitangaza kuwa mpaka ule wa kuhamia, uliotenga nchi iliyokaliwa na nchi waliyoiita tupu, haukuwapo tena. Liweke moyoni neno hilo, nchi tupu, kwa sababu tutakutana nalo tena.

Mwaka huohuo wa 1890 afisa mmoja wa jeshi la majini, Alfred Mahan, alichapisha kitabu kilichofundisha kwamba taifa kubwa ni lile lenye nguvu baharini, yaani lenye merikebu za biashara, manowari za kuzilinda, na bandari za ng'ambo za kupakilia makaa ya mawe. Mwaka 1893 uchumi wa Marekani ulianguka, na watu wengi wakaamini kuwa dawa yake ni kupata masoko ya mbali kwa bidhaa ambazo viwanda vilitoa kupita haja ya nyumbani. Tena walikuwapo wahubiri na wasomi waliosema kuwa watu weupe wamejaliwa kuwatawala wengine kwa faida ya hao wengine. Njaa ya masoko, fahari ya manowari na kiburi cha rangi vilipokutana, ilibaki nafasi tu ya kuvitumia.

Nafasi ilipatikana mwaka 1898. Watu wa Kuba walikuwa wakipigania uhuru wao kutoka kwa Hispania. Tarehe 15 Februari manowari ya Marekani iliyoitwa Maine ililipuka katika bandari ya Havana, na watu zaidi ya 260 wakafa. Magazeti yakailaumu Hispania kabla ya ushahidi kupatikana, na mnamo mwezi wa Aprili vita vikaanza. Vilikuwa vita vifupi. Mwezi Mei manowari za Marekani ziliharibu zile za Hispania katika ghuba ya Manila. Mwezi Julai askari wa Marekani walishinda katika vilima vya San Juan huko Kuba. Mwezi huohuo wa Julai Marekani iliviunganisha kwake visiwa vya Hawaii, ambavyo malkia wake, Liliuokalani, alikuwa amepinduliwa mwaka 1893. Tarehe 10 Desemba mkataba ulitiwa saini mjini Paris: Marekani ikapata Puerto Rico na Guam, na Ufilipino kwa dola milioni 20. Kuba iliambiwa kuwa ni huru, lakini sheria ya 1901 iliipa Marekani haki ya kuingia humo kila ilipoona inafaa.

Wafilipino walikuwa wamekwisha kujitangazia uhuru chini ya Emilio Aguinaldo. Walipoona kuwa wamebadilishiwa bwana tu walipigana, tangu Februari 1899. Serikali ya Marekani ilitangaza mwisho wa vita mwaka 1902. Wamarekani zaidi ya 4,200 walikufa, na wapiganaji wa Kifilipino wapata 20,000. Watu wasio askari waliokufa kwa risasi, kwa njaa na kwa maradhi hukadiriwa kuwa 200,000. Ufilipino ilipata uhuru wake tarehe 4 Julai 1946. Nilipokuwa nikifundisha darasa lile, idadi hizo nilizitaja kwa sauti ileile ambayo mtu hutajia urefu wa mito.

Sasa nakuleta kwa yule mgeni. Katika vilima vya San Juan alikuwapo mtu mmoja mwenye miwani, aliyekuwa ameacha kazi yake ya naibu waziri wa jeshi la majini ili aende vitani na kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea. Jina lake lilikuwa Theodore Roosevelt. Vita vile vilimpa sifa, sifa ikampa cheo, na mwaka 1901 akawa rais. Ni yeye ambaye mwaka 1903 aliunga mkono kujitenga kwa Panama na Kolombia, akapata kipande cha nchi cha kuchimba mfereji. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1914 na ukarudishwa mikononi mwa Panama siku ya mwisho ya mwaka 1999. Ni yeye ambaye mwaka 1904 alitangaza kuwa Marekani ina haki ya kuwa kama polisi katika nchi za Amerika zilizo jirani yake. Kama ukitaka mtu mmoja ambaye ndani yake somo lote la kupanuka kwa Marekani linasimama kwa miguu miwili, basi ni huyo.

Aliacha urais mwezi Machi 1909, na tarehe 21 Aprili alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Msafara wao ulikuwa wa kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Walipanda reli ambayo Waingereza walianza kuijenga mwaka 1896, wakapiga kambi Kapiti, na juu ya hema la Roosevelt ikapepea bendera kubwa ya Marekani. Mwezi Mei walifika Juja Farm, kwa mwenyeji wao William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, mwenye maelfu ya ekari za nchi yetu. Katika mito yetu Roosevelt aliwinda viboko. Nyanya yangu alikuwa amesema kweli, na babake alikuwa amemhifadhia kweli hiyo mpaka nilipokuja mimi kuihitaji.

Katika likizo moja nilikwenda Nairobi, nikakaa katika Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, nikasoma kitabu ambacho Roosevelt alikichapisha mwaka 1910 kuhusu safari hiyo. Yafaa ujue kuwa maktaba hiyo ilijengwa kwa kumkumbuka yuleyule McMillan wa Juja, aliyefariki mwaka 1925 na kuzikwa katika Kilimambogo. Mjane wake ndiye aliyeisimamia kazi hiyo. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka mwaka 1958. Nikiwa nimeketi pale niliwaza kuwa babu yangu, aliyekata mkonge maisha yake yote, angalifukuzwa katika kiti nilichokalia.

Nilisoma nikiwa na haki moyoni, nikitaka kumpa mwandishi sifa alizostahili. Alikuwa mtazamaji hodari wa ndege na wanyama, na wataalamu aliofuatana nao walifanya kazi ya elimu ya kweli. Yeye na mwanawe waliua wanyama wakubwa 512, jambo ambalo leo lingetuchukiza, lakini vielelezo vya msafara mzima, wapata 11,400 pamoja na panya, ndege na samaki, vilisaidia elimu ya viumbe. Lililonishtua halikuwa bunduki. Lilikuwa sura ya kwanza. Humo alieleza safari yake katika reli kuwa ni kama kupita katika zama za kale kabisa, kabla ya historia, na akasema kwamba wanyama na watu aliowaona hawakutofautiana sana na wale wa Ulaya ya zama hizo.

Soma tena maneno hayo polepole, msomaji. Watu hao ni akina nani? Ni Wakamba waliokuwa wakifanya biashara na pwani kabla Roosevelt hajazaliwa. Ni Wamasai na Wakikuyu waliokuwa na sheria za ardhi na mabaraza ya wazee. Ni wapagazi wapatao 200 waliobeba masanduku yake, na baadhi yao, bila shaka, walivaa nguo ambayo jina lake lilikuwa jina la nchi yake mwenyewe. Mzee wake wa biashara alikuwa amefika Afrika Mashariki miaka 70 na zaidi kabla yake, na mkataba wake ulikuwa umewekwa. Lakini mtu akitaka nchi ya mwenzake, jambo la kwanza ni kumwondolea mwenzake historia. Akikwisha kuondolewa historia, huonekana kuwa nchi yake ni tupu.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Niliona kwamba hoja iliyotumika kuwatwaa Wafilipino, kwamba hawajawa tayari kujitawala, na hoja iliyotumika kugawa nchi kati ya Ruiru na Thika, kwamba haina watu wanaoitumia ipasavyo, ni hoja moja yenye kanzu mbili. Si ajabu kwamba mwaka 1899 Mwingereza, Rudyard Kipling, ndiye aliyetunga shairi la kuwahimiza Wamarekani waibebe Ufilipino kama mzigo wa mtu mweupe. Wakubwa hao walishindana katika biashara, lakini walisomeshana. Marekani haikutawala Kenya hata siku moja. Hata hivyo Mmarekani alipata shamba hapa chini ya sheria ya Waingereza, akaketi katika Baraza la Kutunga Sheria, akapewa na mfalme wao cheo cha heshima, na rais wake alikuja kukaa naye kama mtu aliyeko kwao. Watu waliokuwa wakiishi katika nchi hiyo walibaki kuwa vibarua. Babu yangu alizaliwa katika nyumba ya vibarua na akafa katika nyumba ya vibarua, akiizunguka ardhi asiyomiliki hata upande wa kuzikiwa.

Naogopa, hata hivyo, usije ukafunga kitabu hiki ukiwa na chuki, kwa kuwa chuki ni njia nyingine ya kutokuelewa. Walikuwapo Wamarekani waliolipinga jambo hili tangu mwanzo. Mwaka 1898 waliunda chama cha kupinga ubeberu, na mwandishi mashuhuri Mark Twain alikuwa mmoja wa viongozi wake. Walisema kuwa taifa lililozaliwa kwa kumkataa mfalme wa ng'ambo haliwezi kuwa mfalme wa ng'ambo bila ya kujikana. Wala sisi hatukuwa malaika. Pembe ziliuzwa na watu wetu, na watumwa walikamatwa na kuuzwa na watu wa bara na wa pwani walioipenda merikani kuliko jirani zao. Tena mwaka 1959, Tom Mboya alipotafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya, Wamarekani wengi walichangia, na vijana 81 wakapanda ndege mwezi Septemba. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliokwenda, na dunia nzima iliona matunda yake. Nchi ileile iliyotuletea mwindaji ilitusomeshea mpanda miti. Mtu mwenye akili hukumbuka yote mawili, wala haliachi moja limfunike lingine.

Kwa hiyo nikushauri jambo moja. Kila utakapoona nchi kubwa inakuja, iwe ni Marekani au nchi nyingine yoyote ya zama zako, iwe imechukua nguo, reli, mkopo, chakula au askari wa kulinda bandari, usikimbilie kushangilia wala kulaani. Uliza kwanza: Kilicholetwa kimetengenezwa kwa jasho la nani? Kinachochukuliwa kinalipwa kwa bei ya nani? Na habari za mkutano huo zinaandikwa na nani? Maswali mawili ya kwanza yatakufundisha uchumi. Lakini la tatu ndilo lililo zito, maana mwenye kuandika habari peke yake ndiye atakayesema kama nyumba yako ilikuwa na mwenyewe au ilikuwa tupu. Roosevelt alikaa Juja siku chache, akaandika kitabu ambacho bado kinasomwa. Babake nyanya yangu aliishi hapa umri wake wote, na yote aliyoyaona yalibaki katika kinywa cha binti mmoja aliyepukuchua mahindi.

Nilirudi shuleni na jibu. Nilikuwa nimelipanga vizuri: nguo, mkataba, vita, mgeni, maktaba. Nilichora ramani ubaoni, nikaweka Manila upande mmoja na Kalimoni upande mwingine. Kisha nikatazama nyuma ya darasa nikaona kuwa kiti cha yule msichana kina mtu mwingine. Nilipouliza niliambiwa kuwa hakurudi muhula ule. Karo ilikuwa imewashinda kwao, na watu wake walikuwa wamehamia mahali ambapo hakuna aliyepajua vema. Nilifundisha somo lile, na wanafunzi walilipenda, lakini aliyeliuliza hakuwapo kulisikia. Nimekuwa nikimtafuta katika nyuso za stendi ya Thika mpaka leo.

Nyanya yangu amekwisha kufariki. Kabla hajafa nilikaa naye jioni nyingi, nikayaandika katika daftari majina ya watu, ya mito na ya mashamba aliyoyakumbuka, nami nayahifadhi. Kwenu pia yupo mtu wa namna hiyo, na pengine humsikilizi kwa kuwa hana kitabu mkononi. Mwendee jioni hii. Chukua kalamu.

Na kama wewe unayesoma ni yule msichana, au wamjua, basi jibu ni hili: yanatuhusu, kwa sababu yalipita hapa kwetu, na sisi ndio tulioyabeba kichwani. Nisamehe kwamba siku ile nilikujibu kwa mtihani.